Mbegu Zilizokataa Kuota

Habari ya kifo cha Nhandi niliipata mahakamani, katikati ya kesi ya mbuzi na kesi ya mpaka wa shamba. Mimi ni mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo hapa Bariadi. Kazi yangu ni kukaa pembeni ya hakimu, kusikiliza, na kutoa maoni nikiulizwa. Mama mmoja aliyekuja kutoa ushahidi wa yule mbuzi alikuwa ametokea Malampaka, na tulipotoka nje kunywa chai akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kwamba alikaribia kuchelewa basi kwa sababu ya msiba wa Nhandi, yule mzee fundi wa baiskeli karibu na stesheni, mtu aliyehamia pale zamani akitokea upande wa Lalago. Nikamuuliza, "Nhandi mume wa Mbuke?" Akasema ndiye huyo huyo. Nikamaliza chai yangu, nikarudi ndani, nikaisikiliza kesi ya pili hadi mwisho, na hakimu aliponiuliza maoni nikatoa maoni. Sikulia, wala moyo haukwenda mbio. Nilijisikia kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaujua ni wako lakini ukiugusa husikii kitu.

Miaka niliyokaa kwenye kile kiti nimesikia mengi. Mtu akikamatwa na jogoo wa jirani kwapani atakuambia jogoo ndiye aliyemfuata. Mume aliyempiga mkewe ataanza na chumvi iliyozidi kwenye mboga, halafu arudi nyuma hadi kwa mama mkwe wake aliyemlea binti vibaya. Sijawahi kumsikia mtu akisema "nimekosa" akanyamaza papo hapo. Lazima kuna "lakini" imesimama mlangoni inasubiri zamu yake. Hakimu wetu, kijana mcheshi, hupenda kusema nyani haoni kundule, na karani hucheka, na mimi hucheka pamoja nao. Jioni ile ya habari za Nhandi nilikaa jikoni kwangu nikichagua mchele, na nikaanza kuhesabu ni mara ngapi nimecheka. Ndipo nikaamua kwamba kesho yake nitapanda basi niende Malampaka, na kwamba mwaka ule nitauandika, kwa sababu nimewaandikia wengine maoni mengi na mimi mwenyewe sijawahi kupanda kizimbani.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwenye kijiji kimoja upande wa Lalago. Nilikotoka na nilivyoolewa si hoja hapa. Nyumba ya baba mkwe wangu, Mzee Maduhu, ilikuwa na vyumba vinne na paa la bati, na chumba kikubwa kuliko vyote hakikuwa cha mtu, kilikuwa cha pamba. Kuanzia mwezi wa tano tulivuna, tukabeba kwa mashuka na magunia, tukamwaga mle ndani mpaka rundo likafika dirishani. Mimi na mume wangu Masunga tulilala chumba cha pili, na kilichotutenga na pamba kilikuwa pazia la kitenge tu. Nyuzi ziliingia kwenye nywele, kwenye maziwa mgando, kwenye ugali wa mtama. Wanaume walikula uani, sisi wanawake jikoni, na kuta za jiko zilikuwa za fito zilizokandikwa udongo nusu, kwa hiyo lililosemwa uani tulilisikia lote. Mkamwana mgeni hana mdomo, lakini masikio anayo mawili kama watu wengine.

Huo ndio mwaka wanunuzi binafsi walipoingia kwetu. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mlango mmoja tu, chama cha msingi cha ushirika, na karani wake, na godauni lake la matofali lililokaa karibu na barabara. Sasa ilisemwa biashara ni ruksa, soko ni huria, na mtu wa kwanza kufika kwetu alikuwa mfanyabiashara mmoja mwenye lori, mizani mipya inayong'aa, na kinu chake mwenyewe cha kuchambulia pamba, mwendo wa nusu siku kwa mkokoteni wa ng'ombe. Wazee walifurahi, kisha wakaanza kumwogopa, kisha wakaanza kumsema. Nakumbuka mchana mmoja nikipika nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, nikamsikia jirani mmoja akisema uani, "Ile mizani imefungwa jiwe kwa ndani." Baba mkwe akauliza, "Umeliona?" Jirani akajibu, "Nimesikia." Baba mkwe akamega tonge, akasema, "Lisemwalo lipo," na wote wakacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, mzee yule. Alikuwa mkarimu pia. Mgeni hakutoka kwake bila kula, na yeye ndiye aliyekuwa mtemi wa sungusungu, mkuu wa ulinzi wa kijiji, na watu walimchagua kwa kumpenda. Nasema hivi ili msije mkamfanya shetani. Kumfanya shetani kungenirahisishia kazi.

"Yeye anapunguza kwenye mizani," alisema siku ile, "sisi tunaongeza kwenye furushi. Hapo nani kaibiwa? Hatuibi, tunasawazisha." Neno hilo likatupendeza wote. Mpaka wiki inaisha lilikuwa limezunguka kijiji kizima, na hata wanawake tulipokutana tukiwa na ndoo tuliulizana, "Kwenu mmeshasawazisha?" Jiwe la ndani ya mizani hakuna aliyeliona, si siku ile wala baadaye.

Kazi ya kusawazisha ilikuwa ya wanawake. Mama mkwe alinifundisha kama alivyonifundisha kupepeta. Unatandaza pamba kiasi cha kiganja, unachovya fagio la majani kwenye ndoo, unanyunyiza, unapitisha mchanga laini wa mtoni, unatandaza tena. "Nyunyiza kama padri, ng'wanawane," aliniambia, yaani mwanangu, "usimwage kama unaosha sufuria." Nikacheka, naye akacheka. Juu kabisa tuliacha tabaka kavu, nene, safi, maana karani wa mnunuzi huingiza mkono juu tu. Ilikuwa kazi nyepesi na nilijisikia mtu wa nyumba ile kwa mara ya kwanza. Lori likachelewa. Ilisemwa limeharibika, ikasemwa liko upande wa Maswa, na pamba yetu ikakaa ndani na maji yake majuma karibu matatu. Asubuhi za mwezi wa saba kwetu zina baridi, na mimi, nikishafagia uwanja, nilikuwa naingia chumba cha pamba na kuzamisha miguu kwenye rundo mpaka magotini. Ndani kulikuwa na joto zuri. Kulikuwa na joto la uji. Nikamwambia mama mkwe kwamba pamba ina moto, akasema, "Pamba ni blanketi. Ulitaka iwe na baridi?" Nikaona ni kweli, nikaendelea kuotea miguu kila asubuhi mpaka lori lilipofika na kuichukua yote.

Katika miaka ya nyuma mbegu za kupanda zililetwa na chama kutoka mbali, na hakuna aliyejua zimetoka kwenye pamba ya nani. Mwaka ule ilikuwa tofauti. Mnunuzi alikuwa na kinu, kinu kilitoa mbegu, na mbegu alizotuletea mwezi wa kumi zilitoka kwenye pamba aliyoinunua kijijini kwetu na vijiji jirani viwili vitatu. Magunia yalishushwa kwenye godauni la zamani la chama, na mkutano ukamchagua Nhandi atunze ufunguo. Nhandi alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa akihudumu pale godauni tangu enzi za chama, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba akiazima jembe lako anakurudishia limenolewa. Mkewe Mbuke alikuwa amenizidi miaka mitano au sita. Siku zangu za mwanzo, nilipokuwa sijui hata njia ya kwenda kisimani, yeye ndiye aliyenisubiri njiani kila asubuhi. "Mwangaluka, mayu," aliniamkia siku ya kwanza, akaniita mama mimi niliyekuwa sijazaa, na nikajisikia mtu mzima.

Tulipanda mvua ya kwanza ilipokolea. Mvua zilikuwa nzuri mwaka ule, hilo ndilo lililotuumiza. Mtama uliota, choroko ziliota, magugu yaliota hadi mlangoni, na kwenye mistari ya pamba hapakuwa na kitu. Tulikwenda kila siku kutazama. Baba mkwe alichimbua kwa kidole, akatoa mbegu, akaifuta kwenye suruali, akairudisha ardhini na kuifunika vizuri kama aliyeiamsha kabla ya wakati. Baada ya wiki mbili hakuna aliyedanganyika tena. Pamba ndiyo iliyokuwa chumvi, sabuni, sare za shule na bati la mwaka unaofuata, kwa kila nyumba, na haikuwepo.

Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akatembea mashambani, kisha akaja kula kwetu kwa kuwa wageni wote wa serikali walikula kwetu. Mimi ndiye niliyemnawisha mikono. Kabla ya kula aliomba aonyeshwe mbegu zilizobaki. Akachukua moja, akaipasua kwa meno, akaiweka kwenye kiganja na kumwonyesha baba mkwe. Niliiona vizuri kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti na birika mbele yao. Ndani ilikuwa ya kahawia, kama karanga iliyokaangwa ikasahaulika. "Hii imeungua, mzee," alisema. "Pamba iliwekwa na maji, ikalundikwa, ikachemka yenyewe. Mbegu imekufa ndani ya pamba kabla haijafika kinuni." Baba mkwe aliitazama, akamtazama bwana shamba, akasema kwa upole, "Ninyi wataalamu mna maneno mazuri. Haya, karibu ugali." Nilimmiminia maji yaliyobaki na nikarudi jikoni, na huko mama mkwe alikuwa akikoroga mboga iliyokwisha kuiva. Miguu yangu ilikumbuka lile joto. Nilijua palepale. Nataka hili lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nimejiambia kwamba sikujua, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba bwana shamba alisema kitaalamu mno. Alisema kwa Kiswahili chepesi na mimi nilimwelewa.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa lamboni na wanawake wengine tukiteka maji. Mbuke alikuwepo. Hakuwa na ubaya wowote usoni, alikuwa akisuuza ndoo, akasema tu, "Bwana shamba anasema mbegu ziliungua kwa maji tuliyotia kwenye pamba. Sisi tulitia, sikatai. Limi, na kwenu mlitia?" Wanawake wote wakainamia ndoo zao, maana kila mmoja wao alikuwa ametia, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa amelisema. Laiti ningesema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi, na nadhani lingeishia palepale kwenye tope. Lakini niliona damu imenipanda usoni, nikaona nyumba ya mtemi inawekwa mezani mbele ya watu, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kwetu hatukutia. Labda ni lile paa la godauni. Ile mvua ya mwezi wa kumi si iliingia ndani?" Godauni sikuwahi kuliingia. Mvua ya mwezi wa kumi ilikuwa matone ya kutuliza vumbi. Lakini niliona mabega ya wale wanawake yakishuka, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliotuliwa mizigo, na mama mmoja akasema, "Kweli kabisa, lile paa la tangu zamani." Mbuke alinitazama, akajitwika ndoo yake, akaondoka. Kesho yake hakunisubiri njiani.

Ni ajabu jinsi neno linavyokua. Lilipoondoka lamboni lilikuwa "labda." Lilipofika kwenye mashine ya kusaga lilikuwa "wanasema." Liliporudi nyumbani kwetu, mchana, uani, mdomoni mwa yule yule jirani wa jiwe la mizani, lilikuwa "imeonekana." Na waliokuwa wakilizungumza si watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na ndoo yake kichwani na alihitaji mahali pa kuitua. Masunga mume wangu, aliyekuwa akisema maneno matano kwa siku, aliniuliza chumbani kama kweli niliona paa likivuja. Nikamwambia niliona. Akasema, "Basi vizuri," na akageukia ukutani. Naamini naye alijua. Ndoo za maji ya kusawazisha ni yeye aliyezichota.

Mkutano uliitishwa uwanja wa godauni, mchana kweupe, wanaume wamesimama na marungu na mishale ya sungusungu, wanawake tumekaa chini upande mmoja. Nhandi alisimama katikati, kofia mkononi. Baba mkwe alimuuliza kwa heshima, bila kelele. "Nhandi, kijiji kilikupa ufunguo. Mbegu zimeloa mikononi mwako." Nhandi akasema, "Mzee, godauni hili nalikagua kila siku. Sijaona tone." Baba mkwe akasema, "Hujaona wewe. Yupo aliyeona," na akaniita. Nilipiga magoti mbele yake kama inavyotakiwa. "Mkamwana, uliona paa likivuja?" Nilitazama vidole vya miguu yake. Nikasema, "Ndiyo, baba." Nilifikiri yamekwisha. Lakini Nhandi alisogea, akainama kidogo ili anisikie vizuri, na akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Upande gani, mayu?" Hakuwa ananitega. Alitaka kujua. Nikasema, "Upande wa mlango." Akageuka, akatazama juu upande wa mlango kwa muda mrefu, na nikaona uso wake unabadilika, unaanza kuwa na shaka, na shaka ile haikuwa juu yangu.

Wakamtenga. Kwa wasiojua desturi yetu, kutengwa hakuna kelele. Hupigwi, huchomewi nyumba. Watu wanaacha tu kukuona. Hakuna anayekusalimia, hakuna anayekupa moto, ukifika kisimani wengine wanaondoka, mashine ya kusaga inazimwa ukiingia, na anayeivunja amri hiyo anatengwa naye. Ilikuwa mpaka mavuno mengine, au mpaka alipe faini ya ng'ombe. Kesho yake asubuhi nilimwona Nhandi juu ya paa la godauni, upande wa mlango, na kopo la lami, akipaka kila kichwa cha msumari. Alipaka siku tatu. Watu walipita chini yake na majembe begani, na walisema wao kwa wao kwamba, unaona, anaziba, kumbe alijua. Siku moja Mbuke alikuja na kigae kuomba kaa la moto, akasimama kwenye ua wetu bila kubisha hodi, kwa kuwa hodi isingejibiwa. Nilikuwa peke yangu na moto ulikuwa unawaka mbele yangu. Niliendelea kumenya viazi vya michembe, vya kukatwa na kuanikwa. Nilimenya viazi vitatu, vinne, na nilipoinua macho hapakuwa na mtu.

Mwezi wa pili mama yake Nhandi alifariki. Alikuwa bibi kizee aliyekuwa akiishi nao, mtu wa kukaa juani na kuuliza majina ya wapitaji. Kwetu msiba ni wa kijiji. Kabla jua halijasogea utakuta kuni zimeletwa, unga umeletwa, na vijana wako kaburini wanapokezana majembe. Siku ile hakuna aliyetoka. Tulimsikia Mbuke akilia na kila mtu aliendelea na alichokuwa akifanya. Mama mkwe wangu alikwenda ghalani, akajaza unga kwenye ungo, akaufunika na kanga, akatoka nao hadi nusu ya uwanja. Akasimama pale. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda akisuka kamba, hakuinua kichwa. Mama akarudi ndani na nikasikia unga ukimiminwa tena kwenye gunia. Baadaye nilikwenda shambani kwenye choroko, na shamba letu lilipakana na lao, kwa hiyo niliona. Nhandi alichimba mwenyewe tangu asubuhi. Alipozama hadi mabegani, Mbuke alikuwa akivuta udongo kwa karai. Walimteremsha bibi wao wawili kwa kamba za ng'ombe, na upande mmoja ulitangulia kushuka, wakamvuta tena, wakaanza upya. Niliendelea kupalilia. Nilipalilia mstari mzima na nilipogeuka niliona nimekata choroko nyingi kuliko magugu. Natamani niseme kwamba niliumia. Nilichosikia ni kama sauti inayonong'ona kwamba wangelipa tu faini ya ng'ombe mapema, haya yasingewapata, kwamba Nhandi naye ni mkaidi. Mtu akishamkosea mwenzake sana, inabidi amtafutie kosa, asije akashindwa kula.

Waliondoka kabla ya mavuno, na mkokoteni mmoja, kuelekea Malampaka kwenye reli. Mwaka uliofuata mbegu zililetwa kutoka mbali, zikaota, na jambo lile likaisha. Baba mkwe alikufa akiwa na heshima zake zote, na hadi uzeeni alipenda kuwahadithia wageni habari za mwaka wa njaa ya pamba, jinsi mzembe mmoja alivyoacha paa likavuja. Alikuwa anaamini. Sijui ni lini alianza kuamini, lakini mwishoni machozi yalikuwa yanamlenga. Masunga naye alitangulia. Mimi nilihamia Bariadi, nikauza vitenge, nikaheshimika, nikaitwa barazani. Walipokuwa wananiapisha nilisema maneno yote bila kukosea hata moja.

Malampaka nilifika saa nne asubuhi, siku ya tatu ya matanga. Uwanja ulikuwa umejaa watu, maturubai, masufuria, mafundi baiskeli wenzake, wanakwaya. Nilitoa mchango wangu nikaandikwa, nikapelekwa ndani walikokaa wafiwa. Mbuke alikuwa kwenye mkeka, miguu amenyoosha, amekuwa mzito na nywele nyeupe zote. Alinitambua kabla sijajitaja. "Mwangaluka, Limi," alisema. Sikuwa mayu tena. Tukashikana mikono, nikakaa, tukaulizana watoto na wajukuu, nikaletewa chai na andazi. Wanawake waliokuwa karibu walipotoka kusaidia kupakua, nikaona kwamba nisiposema sasa nitapanda basi kama nilivyokuja.

Nikasema, "Mbuke, lile paa halikuvuja. Sikuwahi hata kuingia kwenye lile godauni. Na kwetu tulitia maji."

Hakushtuka. Alikuwa akikunja pindo la kanga yake na kulikunjua. "Mimi nilijua tangu kule lamboni," alisema. "Nilikutazama usoni. Yeye ndiye hakujua. Nilimwambia mara ngapi! Nikamwambia mkamwana wa Maduhu amekusingizia. Akasema yule binti hana sababu ya kunisingizia, na watu wote wale hawawezi kukosea, mimi ndiye niliyepitiwa. Hapa Malampaka tumekaa nyumba tatu. Kila mvua ikianza anaacha chakula, anapanda juu kutazama bati. Juzijuzi hapa hajiwezi, mvua inanyesha, ananiambia Mbuke, hebu nenda kaangalie. Amekufa anajua ni yeye aliyeunguza mbegu za kijiji. Na mama yake, anajua ni yeye aliyemfanya azikwe vile."

Nje wanakwaya walikuwa wakipanga viti. Mikono yangu ilikuwa imeshika kikombe na sikusikia kama kina moto au kimepoa. Mbuke aliniinulia macho, akangoja, hakuwa na hasira, alikuwa akingoja tu kama mtu aliyeuliza. Kitu kilinijaa kifuani hatimaye, nikafungua mdomo nimwombe msamaha, na neno la kwanza lililotoka lilikuwa, "Baba mkwe…"